Maonyesho ya Kilimo: Kelele Zinapomzidi Mtoto

Maonyesho ya kilimo huvuta umati: vipaza sauti kila kibanda, bembea za umeme, vumbi na msukumano langoni. Kwa wengi wenye usonji, ubongo hupokea kelele na mwanga wote kwa pamoja, bila kuchuja. Ndipo mtoto huziba masikio, hupiga mayowe au hukimbia. Huo si utovu wa nidhamu, amezidiwa.

Familia zinashauriwa kufika asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mtoto aonyeshwe mapema picha za atakayoyakuta. Abebewe kofia, vizibo vya masikio, maji na chakula alichozoea, na nambari ya simu ya mzazi iwekwe mfukoni mwake. Mkiingia tu, tafuteni mahali patulivu pa kupumzikia. Akianza kuchoka, ondokeni, msingoje alie.

Wanaomwona mtoto amezidiwa wasimzunguke wala kumpiga picha. Wampe nafasi, kisha wamuulize mzazi kama anahitaji msaada.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuzifikia sehemu zote kwa njia ifaayo. Uwanja wa maonyesho ni mojawapo.