Hesabu ya Lori la Korosho

Msimu wa korosho unapowadia Mpapura na katika vijiji vingine vya Mtwara, swali moja hurudi kila mwaka: magunia yaliyokusanywa vijijini yapelekwe ghala kuu lipi? Chini ya mfumo wa stakabadhi za ghala, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, gharama za usafirishaji hukatwa katika malipo ya mkulima. Hivyo uamuzi juu ya safari za lori humgusa hata mtu ambaye hakuliona lori lenyewe likipita. Nazo mvua hazingoji.

Elimu inayoshughulika na maswali ya namna hii huitwa utafiti wa uendeshaji. Ilipata jina lake Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipotakiwa kuchunguza namna bora ya kuitumia rada iliyokwisha kubuniwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanafizikia Patrick Blackett na wenzake waliona kwamba idadi ya meli zilizozamishwa katika shambulio moja haikutegemea ukubwa wa msafara. Tena, eneo la duara likizidishwa mara mbili, mzingo wake huongezeka mara 1.4 tu, kwa hiyo msafara mkubwa haukuhitaji walinzi wengi kwa kiasi kile kile. Misafara ikakuzwa mwaka 1943, bila silaha yoyote mpya.

Suala letu la lori nalo lina historia yake. Mmarekani Frank Hitchcock alilichambua mwaka 1941, na mwaka 1947 George Dantzig akatoa njia ya simpleksi, iwezayo kutatua masuala yenye maelfu ya vigeu. Sisi tutatosheka na vinne.

Tuchukue mfano, ambao tarakimu zake ni za kujifunzia tu. Mpapura ina tani 60, na kijiji cha pili, tukiite Jirani, kina tani 40. Ghala la mjini Mtwara lina nafasi ya tani 50, na ghala la bara vile vile tani 50. Kusafirisha tani moja kutoka Mpapura hugharimu shilingi 20,000 hadi Mtwara na 24,000 hadi bara. Kutoka Jirani ni 22,000 hadi Mtwara, lakini 40,000 hadi bara, kwa kuwa njia ni ya mchanga na lori hulazimika kuzunguka.

Mtu mwenye haraka huanza na safari iliyo rahisi kuliko zote. Hulijaza ghala la Mtwara kwa tani 50 za Mpapura, kisha hupeleka bara tani 10 za Mpapura zilizobaki pamoja na tani zote 40 za Jirani. Jumla ni shilingi 2,840,000. Kila hatua yake yaonekana kuwa ya busara, na hapo ndipo mtego ulipo.

Sasa tubadilishane tani moja. Tani ya Jirani ikienda Mtwara badala ya bara huokoa 18,000. Tani ya Mpapura ikiipisha na kwenda bara huongeza 4,000. Faida ni 14,000. Tukirudia mara 40, korosho yote ya Jirani itakuwa Mtwara, na jumla itashuka hadi 2,280,000. Zimeokolewa shilingi 560,000, wala hakuna lori lililonunuliwa. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi wathibitishe kwamba haiwezekani kushuka zaidi.

Lakini hesabu husimama juu ya tarakimu ilizopewa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya 3,000,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, Nachingwea ikiwamo. Reli na bandari ya Mtwara zilianza kujengwa kwa ajili ya mavuno ambayo hayakuwapo bado. Mvua na udongo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli iling'olewa baadaye. Bandari imebaki, nayo hupakia korosho.

Liko na jambo jingine, ambalo vitabu hulipita upesi. Katika mpango wetu bora, gharama ya Mpapura imepanda kutoka 1,240,000 hadi 1,400,000, ilhali ya Jirani imeshuka kutoka 1,600,000 hadi 880,000. Mkulima wa Mpapura ana haki ya kuuliza kwa nini akatwe zaidi ili mwenzake apate nafuu. Gharama zikigawanywa sawasawa kwa tani zote 100, kila tani itakatwa 22,800, na Mpapura, iliyokuwa ikikatwa kama 20,700, bado itanung'unika. Jirani ikiirudishia Mpapura 160,000 kutoka katika nafuu yake ya 720,000, hakuna atakayepungukiwa, na Jirani itabakiwa na 560,000. Kati ya njia hizo mbili, watakaochagua ni wanachama wa vyama vya msingi katika mkutano wao.