Nipe Kesh, Simu Ina Deni

Namba yake ya M-Pesa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kibanda, na simu alikuwa nayo mkononi, lakini mama muuza mahindi wa soko la Moi's Bridge alinikataza katakata nisimtumie pesa. "Nipe kesh." Nikadhani mtandao umepotea. La, alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Shilingi yoyote ikiingia kwenye laini ile, deni linailamba kwanza, na kesho ni lazima anunue mahindi mengine ya kupima kwa gorogoro.

Mchezo huo Wakenya tunaujua tangu Fuliza ianze mwaka 2019. Kilichonikera ni safari ya noti yangu ya mia mbili. Hakuitafutia wakala ailipe Fuliza, ingawa deni la elfu moja hutozwa shilingi 6 kila siku baada ya siku 3 za mwanzo. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. Ya chama, akasema, Alhamisi. Mtu anadaiwa, na bado anaweka akiba?

Nilimwuliza swali hilo bila kujua kwamba yeye ndiye mweka hazina wa chama hicho cha kuweka na kukopa.

Daftari lake ni la shule, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ndani hamna majina, ni namba tu, ili mume wa mtu akilishika asiambulie kitu. Kila ukurasa una safu tatu: akiba kwa kalamu ya buluu, kisha jamii, yaani pesa ya matanga na hospitali, na mwisho deni kwa kalamu nyekundu. Mpangilio huo ndio katiba ya chama. Pesa ya mwanachama huhesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia. Anayedaiwa 500 akaja na 300 ataandikiwa akiba 100, jamii 20, na 180 zinazobaki ndizo zitapunguza deni. Kuruka safu ni marufuku, hata kwa mwenyekiti. Nilipekua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta mahali ambapo wino mwekundu umetangulia. Sikupaona.

Mkopo wa chama una riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ile mia ya akiba ingeingizwa kwenye deni, ingemwokolea mwenyewe shilingi 10 kila mwezi. Nilimfanyia hesabu hiyo kwa ustaarabu wote.

"Hiyo naijua, mwanangu," akanijibu. "Sasa wewe lipa deni lote, ubaki mikono mitupu, halafu mtoto ashikwe na homa usiku. Utakimbilia wapi? Kwa simu tena."

Halafu akanipa sababu iliyo nzito zaidi: mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Mia moja ya buluu humfungulia mia tatu. Mimi nilikuwa nauliza mtu achague lipi kati ya akiba na deni, na kwao akiba ndiyo dhamana ya deni.

Na mkopo wenyewe wanautaka lini? Novemba. Katika mji huu ulioitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, akiba kubwa ni gunia la kilo 90 lililo ndani ya nyumba. Wakati wa mavuno kila mtu anauza na bei inaanguka. Kufikia Juni, stoo zikiwa tupu, inapanda. Mwenye deni la nje huuza Novemba, hana ujanja. Mwanachama hukopa chamani, akalituliza deni hilo, akalala na gunia lake akipigana na fukusi hadi bei ipande. Mwaka ambao bei haipandi, ana riba na fukusi pamoja.

Serikali nayo ilichanganya akiba na deni ilipoanzisha Hustler Fund Novemba 2022: asilimia 5 ya kila mkopo hukatwa ikawa akiba, na sehemu kubwa ya hiyo huenda kwenye pensheni. Ukikopa 500 unapata 475. Mweka hazina alicheka. "Wananikopesha akiba yangu mwenyewe!"

Tofauti anayoishikilia ni pahali riba inapokwenda. Ya simu haionekani tena. Ya chama inarudi Desemba, wakati wa kugawana, kila mtu kwa kadiri ya akiba yake.

Hapo ndipo nilipomkatiza. Kama mgao unafuata akiba, basi anayekopa sana kwa sababu hana ndiye anayemnenepeshea Krismasi yule mwenye nacho?

Hakukana. Alifungua ukurasa wa mwanachama mmoja aliyelipa riba nyingi kuliko wote mwaka uliopita. Mgao wake haukufika hata nusu ya riba aliyotoa. Januari alikuwa wa kwanza kujiandikisha tena.

Kwa nini?

"Nilimwuliza," alisema mweka hazina. "Aliniambia niandike tu."