Kuhamisha lebo ili kupima bahati
Profesa aliniuliza: tofauti ya urefu wa irabu uliyoipata kati ya wasemaji wa Lubumbashi na wa Bukavu, si ya bahati tu? Nilinyamaza. Jibu nililipata kwenye utafiti wa jeni.

Mwaka 1999, huko Marekani, Todd Golub na wenzake walichunguza jeni 6,817 katika uboho wa wagonjwa 38 wa saratani ya damu: 27 wa aina ya limfu, 11 wa aina ya mieloidi. Kwa kipimo cha asilimia 5, bahati peke yake ingetoa jeni zipatazo 340 “zenye tofauti”. Basi wakachanganya lebo za ugonjwa ovyo, wakahesabu upya, tena na tena. Vipimo vya kila mgonjwa havikuguswa, hivyo jeni zinazokwenda pamoja zilibaki pamoja. Jeni kama 1,100 zilifungamana na aina ya ugonjwa kupita uwezo wa bahati.

Mimi nina wasemaji 12, sita kila mji. Migawanyo ni 924 tu. Kompyuta yangu kuukuu inaimaliza yote. Ila lebo huhama na msemaji mzima, wala si na kila neno alilotamka. Mimi nilikuwa nimehamisha maneno! Niliporudia, tofauti yangu iliyeyuka. Sura ya tatu naiandika upya.