KITABU HURIA CHA TAKWIMU NA KAZI YA MWANAISIMU: MFANO WA VOI NA TAITA TAVETA

UTANGULIZI

Mwanafunzi anayeanza somo la takwimu katika chuo cha Afrika ya Mashariki aghalabu hukabiliwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kukipata kitabu. La pili ni kuielewa lugha ya kitabu hicho. Tatizo la kwanza limezungumzwa sana, na hivi sasa lina dawa: vipo vitabu vya takwimu vya kiwango cha chuo ambavyo mtu yeyote anaruhusiwa kuvichukua bila malipo. Tatizo la pili halijazungumzwa vya kutosha, ingawa dawa yake imo ndani ya dawa ya lile la kwanza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba faida kubwa ya vitabu hivyo si bei yake, bali ni idhini inayoambatana navyo ya kuvibadili na kuvitafsiri. Idhini hiyo inawakabidhi wataalamu wa Kiswahili kazi ambayo hawawezi kuwaachia wanahisabati peke yao, nayo ni kuzipima istilahi za takwimu mbele ya mifano inayofahamika kwa wasomaji. Mifano ya makala inatoka Voi na wilaya za kale za Taita na Taveta, ambazo leo ni kaunti moja. Huko kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Tena, kama itakavyoonekana, nchi yenyewe ya Taita Taveta ni somo la takwimu.

BURE NA HURIA

Inafaa kuanza na jina la kitu chenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na watetezi wa vitabu hivi wamelazimika kueleza tena na tena ni maana ipi wanayoikusudia. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kisicholipiwa ni cha *bure*. Kisichofungwa ni *huria*. Isitoshe, neno *bure* lina kivuli kingine: kazi bure ni kazi isiyo na matunda, na maneno ya bure ni maneno yasiyo na maana. Anayekiita kitabu "cha bure" anakitia dosari kabla hakijafunguliwa. Neno *huria*, kwa upande mwingine, limekwisha kuzoeleka katika elimu tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa mwaka 1992. Kwa hiyo *kitabu huria* ni jina linalofaa, maana linataja sifa iliyo kubwa zaidi.

Historia ya kitabu kimoja itabainisha tofauti hiyo. Barbara Illowsky na Susan Dean, walimu wa chuo cha De Anza huko California, waliandika kitabu cha takwimu kwa ajili ya wanafunzi wao. Mwaka 2008 kitabu hicho kiliwekwa katika hazina ya Connexions ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, baada ya haki zake kununuliwa na wakfu mmoja ili kiwe huria. Mwaka 2013 kilitolewa upya na OpenStax, shirika la chuo hicho hicho, kwa jina la *Introductory Statistics*. Kina sura 13, kuanzia ukusanyaji wa data hadi uchanganuzi wa tofauti baina ya makundi kadhaa. Kitabu kingine cha namna hiyo ni *OpenIntro Statistics* cha David Diez, Mine Çetinkaya-Rundel na Christopher Barr, ambacho toleo lake la nne lilitoka mwaka 2019.

Ni dhahiri kwamba vitabu hivi vinamwondolea mwanafunzi gharama. Faili likishapakuliwa mara moja, laweza kugawiwa darasa zima, hata pasipo na intaneti. Lakini kama faida ingekomea hapo, mwanafunzi wa Voi angekuwa amepata bila malipo kitabu kinachozungumza juu ya dola, besiboli na wanafunzi wa De Anza. Angehesabu, ila asingeona kinachohesabiwa.

IDHINI YA KUTAFSIRI

Kwa kawaida ya sheria, haki ya kutafsiri ni ya mwandishi au mchapishaji. Hivyo ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, na hivyo ndivyo ilivyo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Mkataba wa Berne ulipofanyiwa marekebisho huko Paris mwaka 1971, nchi zinazoendelea ziliwekewa mlango mdogo. Ziliruhusiwa kutoa leseni ya kutafsiri kitabu kwa ajili ya mafundisho baada ya miaka mitatu tangu kichapishwe, au baada ya mwaka mmoja ikiwa lugha ya tafsiri haitumiki kwa jumla katika nchi zilizoendelea. Kiswahili kingeingia moja kwa moja katika fungu hilo la pili. Hata hivyo, taratibu za maombi, notisi na malipo zilikuwa nzito, na mlango huo haukutumiwa sana.

Leseni huria zimekuja kwa njia nyingine. Shirika la Creative Commons, lililoanzishwa mwaka 2001, lilitoa leseni zake za kwanza mwaka 2002, ambazo mwandishi mwenyewe huzitumia kutoa ruhusa mapema kwa watu wote. Masharti yake makuu ni manne, na mtaalamu wa lugha hapana budi ayafahamu. La kwanza ni kumtaja mwandishi. La pili ni kushiriki kwa masharti yale yale, yaani anayekibadili kitabu naye akitoe kwa leseni ya namna ile ile. La tatu ni kutofanya biashara. La nne ni kutobadili. Sharti hili la nne ndilo linalomhusu mfasiri zaidi, kwa kuwa tafsiri huhesabiwa kuwa mabadiliko: kitabu chenye sharti hilo chaweza kusomwa na kugawiwa bure, lakini tafsiri yake haiwezi kutolewa kwa watu. Kitabu cha namna hiyo ni cha bure bila kuwa huria. Kitabu cha Illowsky na Dean cha mwaka 2013 kilitolewa kwa sharti la kumtaja mwandishi tu. Kile cha Diez na wenzake huongeza sharti la kushiriki kwa masharti yale yale. Vyote viwili vyaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili bila barua ya maombi hata moja.

Fursa hii haikuanza jana. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichokuwa na makao yake Nairobi, kilitoa moduli huria za hisabati na sayansi, takwimu zikiwamo, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo. Nayo UNESCO ilipopitisha Pendekezo lake juu ya rasilimali huria za elimu mnamo Novemba 2019, ilihimiza rasilimali hizo zibadilishwe zifae lugha na mazingira ya watumiaji.

Huenda ikaulizwa tafsiri ni ya nini, ilhali takwimu katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba takwimu hazikomi darasani. Mhitimu atakwenda Mwatate au Taveta kuwahoji watu juu ya maji, mkonge au ndovu waharibuo mashamba. Atawahoji kwa Kiswahili, na matokeo atayaeleza barazani kwa Kiswahili. Kama hana istilahi, atabuni papo hapo, na wakulima wanaodai fidia watapewa maelezo yaliyopotoka bila mtu yeyote kukusudia kuwapotosha.

NCHI KAMA SOMO

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Kaunti ya Taita Taveta, yenye eneo la kilomita za mraba 17,084. Kwa kugawanya, kila kilomita ya mraba ina watu wapatao 20. Hesabu ni sahihi, lakini picha yake ni ya uongo. Takriban asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo, ambamo wanakijiji hawaishi. Mbuga zikiondolewa, wastani unapanda hadi kama watu 52. Wala huo nao haujasema lolote juu ya tofauti kati ya vilima vya Dawida vyenye rutuba na nyanda kavu za chini zinazovizunguka.

Mfano huu mmoja unamfundisha mwanafunzi wa Voi kile ambacho kurasa nyingi juu ya California haziwezi kumfundisha kwa wepesi ule ule: kabla ya kugawanya, mtu aulize anagawanya juu ya nini. Leseni huria inaruhusu mfano huu uingizwe mahali pa ule wa awali, na kitabu kibaki kitabu halali.

ISTILAHI NA MITEGO YAKE

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi si ngeni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Katika takwimu, hata hivyo, mtego hautokani na ukosefu wa maneno. Unatokana na maneno yaliyopo tayari, ambayo mitaani yana maana nyingine. Neno *takwimu* lenyewe lilimaanisha kalenda katika kamusi za zamani, kwa kufuata asili yake ya Kiarabu. Istilahi chache zitatosha kuonyesha jambo hili.

*Wastani, kati na modi.* Zichukuliwe kaya tano za kubuni zenye mbuzi 2, 2, 4, 5 na 87. Jumla ni 100, na kwa kugawanya kwa tano hupatikana 20. Kiasi hiki ndicho kiitwacho wastani. Lakini mzizi wa neno hilo katika Kiarabu una maana ya katikati, na msikilizaji wa Kiswahili naye, aambiwapo "mtu wa hali ya wastani", humfikiria mtu wa katikati. Kaya ya katikati hapa ina mbuzi 4, si 20. Ni heri *wastani* ubakie kwa kiasi kipatikanacho kwa kugawanya, na thamani ya katikati iitwe *kati*, mradi mwalimu azitaje zote mbili pamoja kila mara. Thamani inayojirudia kuliko nyingine, yaani 2, iitwe *modi*. Neno la mkopo lisilo na maana ya mitaani ni salama kuliko tafsiri kama *mtindo*.

*Kundi zima.* Vitabu husema juu ya idadi ya watu hata pale ambapo vinavyochunguzwa si watu. Huko Voi kinachochunguzwa chaweza kuwa ndovu, miche ya mkonge au mawe ya vito. Neno *umma* nalo ni la watu. *Kundi zima* halina ufasaha mkubwa, lakini halimdanganyi mtu, na linakaa vema dhidi ya *sampuli*, ambayo ni sehemu ya kundi hilo.

*Nasibu.* Hapa lugha inamsaidia mwalimu. Kila mtu anaijua bahati nasibu: karatasi hutikiswa, na kila moja ina nafasi sawa ya kutoka. *Sampuli nasibu* ni hiyo hasa. Mtafiti anayewahoji watu kumi wa kwanza aliowakuta stendi ya Voi amechagua ovyo, na ovyo si nasibu. Aliyeko shambani Sagalla siku hiyo hakuwa na nafasi yoyote ya kuchaguliwa.

*Uwezekano.* Neno hili lina kazi mbili. "Kuna uwezekano wa mvua" husema tu kwamba mvua yaweza kunyesha, bali katika takwimu uwezekano ni kipimo, kati ya 0 na 1. Neno laweza kubaki, ila lisitajwe bila namba: *uwezekano wa 0.3*.

*Muhimu.* Huu ndio mtego mkubwa. Takwimu zina neno kwa tofauti isiyoelekea kuwa imetokea kwa bahati tu, na katika Kiingereza neno hilo mitaani maana yake ni "yenye uzito". Likitafsiriwa *muhimu*, kosa la Kiingereza linahamia katika Kiswahili. Mbegu mpya yaweza kuzidisha mavuno kwa kiasi kidogo kisichomfaa mkulima kitu, na bado tofauti hiyo isiwe ya bahati. Neno *bainifu* lingefaa, ijapokuwa wanafonolojia wameshalitumia katika *sifa bainifu*. Taaluma mbili zaweza kulitumia neno moja. Hatari zaidi ni istilahi kugongana na lugha ya sokoni.

HITIMISHO

Yaliyoelezwa yanaonyesha utaratibu wa kufuata. Chuo kinachotaka kukipokea kitabu huria kwanza kisome leseni, hasa kama ina sharti la kutobadili. Pili, kilinganishe sura na muhtasari wa somo, kichukue zinazohitajika tu. Tatu, kibadili mifano kwa kutumia sensa na mazingira ya mahali. Nne, mwalimu wa takwimu na mwalimu wa Kiswahili waandae pamoja faharasa ya istilahi pamoja na maelezo na mifano yake, na tano, waitoe faharasa hiyo kwa leseni huria vilevile, ili Mombasa, Dodoma au Bujumbura waweze kuisahihisha.

Hatua ya nne ndiyo iliyo ngumu, wala haihitaji fedha nyingi. Inahitaji idara mbili zikae meza moja. Wanahisabati wana kitabu mikononi, nacho kinaruhusu kutafsiriwa. Idara za Kiswahili zisipokwenda kuwasaidia, istilahi zitaundwa vivyo hivyo, barazani na katika hojaji, na watu ambao hawakupewa muda wa kuzifikiria.