Una hakika umeliacha gari kwenye P?

MAJERAHA ya magari yanapotajwa, wengi wetu hufikiria matatu iliyobingiria au mtu aliyegongwa akivuka barabara. Ni wachache wanaofikiria gari lililosimamishwa nyumbani, lisilo na mtu ndani, ambalo huanza kuteremka polepole na kumbana mwenyewe langoni. Ajali za aina hii zipo. Chanzo chake mara nyingine si ulevi wala breki mbovu, bali ni umbo la kifaa ambacho dereva hukishika kila siku, yaani mkono wa gia.

Kisa kinachojulikana zaidi kilitokea Marekani. Mnamo Juni 19, 2016, mwigizaji wa filamu Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alipatikana amekufa nyumbani kwake Los Angeles. Gari lake, Jeep Grand Cherokee la mwaka 2015, lilikuwa limeteremka kwenye njia yenye mwinuko na kumbana kwenye nguzo ya matofali na ua. Miezi miwili kabla ya hapo kampuni ya Fiat Chrysler ilikuwa imetangaza kuyaita magari milioni 1.1 ili yarekebishwe, yakiwemo ya aina hiyo pamoja na Dodge Charger na Chrysler 300. Madereva walikuwa wakishuka wakiamini wameweka gia ya P, kumbe hawakuiweka. Kufikia wakati huo watu 41 walikuwa wameripotiwa kujeruhiwa.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba Yelchin alikufa kwa kukosa pumzi kutokana na kubanwa. Jambo hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani gari linalotambaa haliwezi kuua. Ili mtu avute hewa, ni lazima mbavu zitanuke na msuli ulio chini ya mapafu ushuke. Kifua kikibanwa na kitu chenye uzito wa tani mbili hivi, mapafu hayawezi kujaa hata kama pua na mdomo viko wazi. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache huanza kuharibika. Kwa hivyo si lazima gari liwe na mwendo wa kasi. Uzito wake unatosha.

MKONO HUJUA BILA KUTAZAMA

Katika gari la otomatiki la zamani, mkono wa gia uliunganishwa na giaboksi kwa waya au chuma. Ukiusukuma hadi P, ulibaki hapo mbele kabisa, na ndani ya giaboksi ulimi mdogo wa chuma ulizama kwenye meno ya gia na kulizuia gari lisisogee. Dereva hakuhitaji kutazama. Kiganja chake kilijua kwamba mbele kabisa ni P, na kwamba nyuma ya hapo ni R, N na D.

Mpangilio huo wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Zamani kila kampuni ilipanga gia ilivyopenda, na yako magari ambayo gia ya kurudi nyuma ilikaa karibu na ile ya kwenda mbele, bila N katikati. Ralph Nader alilalamikia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1965, na kuanzia 1968 sheria ya Marekani ikaagiza kwamba N lazima iwe kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma.

Siku hizi waya huo umeondolewa katika magari mengi. Mkono wa gia ni swichi tu inayopeleka ujumbe kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayobadilisha gia. Kwa kuwa ni swichi, mwenye kuibuni anaweza kuipa umbo lolote: kitufe, kirungu cha kuzungusha, au kijiti kinachorudi katikati kila unapokiachilia. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa katika Jeep ya Yelchin. Dereva alitakiwa kukisukuma mbele kupita hatua tatu ili kutoka D hadi P. Akiishia hatua ya kwanza au ya pili, gari lilibaki R au N, lakini kijiti chenyewe kilirudi palepale kama kawaida. Mkono haukuwa na njia ya kutambua kosa. Ni herufi ndogo iliyowaka iliyosema ukweli, na mtu mwenye haraka, mwenye simu sikioni au mtoto anayelia kiti cha nyuma, hatazami herufi.

Somo hili lilikuwa limejulikana kwa muda mrefu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, marubani wa Marekani walioendesha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa chini badala ya kurudisha vibawa. Walilaumiwa kwa uzembe. Mtaalamu wa saikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi hizo mbili zilifanana na zilikaa bega kwa bega. Akashauri moja iwekewe kichwa chenye umbo la gurudumu na nyingine umbo la bawa, ili mkono utofautishe. Inashangaza kwamba watengenezaji wa magari walisahau.

Fiat Chrysler ilirekebisha magari hayo kwa programu inayoweka P yenyewe dereva anapotaka kushuka. Kampuni nyingine nazo zina ulinzi kama huo. Lakini si kila gari linao, na hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi.

MAGARI YETU YA MITUMBA

Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi hutoka Japani. Hivyo teknolojia hii tayari iko katika maegesho yetu. Toyota Prius, Honda Fit ya haibridi na Nissan Note ya e-Power zote zina kijiti kinachorudi katikati, na P ni kitufe cha pekee. Kitabu cha maelezo, kama kipo, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Herufi B katika Prius nayo huwachanganya watu. Maana yake si kurudi nyuma. Ni kwenda mbele huku gari likijizuia kwenye mteremko.

Kwa magari ya haibridi kuna tatizo la ziada, nalo ni ukimya. Injini ikijizima gari likiwa limesimama, dereva hudhani amelizima, kumbe bado liko tayari kuondoka.

Mercedes nyingi zina gia kwenye kijiti upande wa kulia wa usukani, mahali ambapo mwenye kuzoea Toyota hutafuta indiketa. Kompyuta hukataa kuweka rivasi gari likiwa kasi, lakini unaweza kujikuta kwenye N katikati ya barabara ukidhani umeonyesha kwamba unakata kona.

Kinga ni mazoea. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, weka P, soma herufi kwenye dashibodi, zima gari, kisha ndipo ufungue mlango. Breki ya mkono si pambo. Ule ulimi wa chuma haukukusudiwa kubeba gari zima peke yake kwenye mteremko. Ukinunua gari usilolijua, au ukiazima la shemeji, tumia dakika kumi kwenye uwanja tambarare kabla ya kuingia barabarani. Na watoto wasichezee mbele wala nyuma ya gari ambalo lina mtu kwenye usukani.

Gari likianza kuteremka lenyewe, liache liende. Mwili wa binadamu hauwezi kulizuia, na wengi huumia wakijaribu kurukia ndani au kulisukuma. Likimbana mtu kifuani, kuliondoa ndilo jambo la kwanza, kwa sababu kila dakika ina thamani. Akishatolewa, mlaze bila kumpindapinda shingo na mgongo, hakikisha anapumua, na umpeleke hospitali hata akisema hana maumivu. Damu inayovuja ndani ya kifua au tumbo inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha dalili.