Mtego wa panya, sindano ya wilt na mkono wa mtu



Mdogo wangu iko mwaka wa kwanza, biolojia. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu usiku sana, saa ile megas zinakuwa bei rahisi. "Yaya, mi nataka kuhama fakilte. Prof anatufundisha mageuko, na kanisani wanasema mwenye kuamini mageuko amemkana Mungu. Interro ni Jumatatu. Niandike nini?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, juu mimi mwenyewe nilipita hapo. Mwaka wangu wa pili nilijibu swali la Darwin vizuri kabisa, nikapata 16 ku 20, na jioni ile ile nikapiga magoti kuomba msamaha. Nikaendelea hivyo mpaka licence: kichwa kimoja cha auditoire, kichwa kimoja cha kanisa, na havisalimiani. Nilimwambia mdogo wangu aandike alichofundishwa, mengine nitamwandikia. Ninaandika hapa juu najua si yeye peke yake.

Kwanza tuelewane tunabishana juu ya nini. Mageuko hayasemi kwamba mtu alizaliwa na nyani huyu tunayemwona leo porini. Yanasema hivi: watoto hawafanani kabisa na wazazi, tofauti nyingine zinarithiwa, na wenye tofauti inayowasaidia mahali wanapoishi wanaacha watoto wengi kuliko wenzao. Acha hiyo iendelee vizazi maelfu na maelfu, viumbe vinabadilika, na ukirudi nyuma vya kutosha unakuta mababu wa pamoja. Darwin alitoa kitabu chake 1859.

Upande wa pili, ule tunaoita kwa Kifaransa dessein intelligent, haumtaji Mungu waziwazi. Unasema tu kwamba kuna vitu ndani ya viumbe vyenye ufundi mwingi mno, haviwezi kujijenga kidogo kidogo, donc kuna akili iliyovipanga. Wazo ni la zamani. Mchungaji mmoja wa Kianglikana, William Paley, aliandika 1802 kwamba ukiokota saa porini utajua mara moja kuna fundi aliyeitengeneza. Aliyelivalisha blouse ya laboratwari ni Michael Behe, mtaalamu wa biokemia wa Marekani, katika kitabu chake cha 1996. Mfano wake ni mtego wa panya. Una ubao, springi, chuma kinachopiga, kijiti cha kushikilia, na kile kinachobeba chambo. Ondoa kimoja, panya wote wanakula na kwenda zao. Behe anauliza: kitu kama hicho kitajengwaje hatua kwa hatua, kama nusu ya mtego haina kazi? Halafu anaonyesha mkia wa bakteria, ule unaozunguka kama elise ya pirogi yenye motere. Umejengwa kwa protini za aina nyingi, na ukiondoa baadhi hauzunguki tena.

Lazima niseme ukweli: mara ya kwanza nilipousoma mfano huo ulinishika. Si hoja ya wajinga. Kilichonitoa pale ni kazi yangu mwenyewe.

Mémoire yangu ilihusu wilt ya migomba. Watu wa Kivu hawahitaji maelezo, lakini kwa wa mbali: ni ugonjwa wa bakteria anayeitwa Xanthomonas. Ulijulikana kwanza Ethiopia, kwenye ensete, jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda na huku kwetu Masisi. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, ukikata shina linatoka uji wa manjano. Bakteria huyo ana mkia wa kuogelea, ule ule wa Behe. Ana pia sindano. Kweli sindano: bomba dogo sana analotumia kuingiza protini zake ndani ya seli ya mmea. Na wataalamu walipolinganisha kitako cha sindano hiyo na kitako cha mkia, wakakuta protini nyingi ni za ukoo mmoja.

Hapo ndipo mtego unapofunguka. Ukiondoa sehemu kubwa ya mkia, hauogelei tena, lakini kinachobaki si takataka. Kinaweza kuwa chombo cha kazi nyingine. Wengi leo wanaona sindano ndiyo ilitoka kwenye mkia, si mkia kutoka kwenye sindano, na kwa swali letu hiyo haibadilishi kitu: vipande vinaweza kuhama kazi. Mwanabiolojia Kenneth Miller aliwahi kuvaa mtego wa panya uliotolewa vipande viwili kama kibanio cha kravati. Haukamati panya, lakini kravati inakaa.

Sasa niwapeleke kijijini, juu huko ndiko nilielewa kwamba hii si mchezo wa maprofesa.

Wakati wa stage nilifika kilima ambapo migomba ilikuwa imekufa karibu yote katika msimu mmoja. Isipokuwa shamba la mama mmoja mjane, mzee. Lake lilikuwa kijani kabisa. Unadhani watu walisema nini? Walisema ni yeye. "Haiwezekani tu hivi hivi," mzee mmoja aliniambia, "iko mukono ya mutu." Vijana walikuwa wameshapitisha maneno ya kuchoma nyumba yake.

Tulizunguka siku tatu. Kumbe kijana mmoja alikuwa anaenda shamba kwa shamba kukata majani, panga moja, bila kulipitisha kwenye moto wala javel. Mama yule hakuwa na pesa ya kumlipa. Tena alikuwa na mbuzi wawili, na kila ua lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu alikuwa anaking'oa kichwa chake mapema kwa kijiti chenye panda, awape mbuzi. Ndilo ua ambalo wadudu wanaleta ugonjwa. Bila kujua alikuwa anafanya kile tunachofundisha kwenye formation. Tuliwakusanya watu, tukakata shina mbele yao, tukawaonyesha panga na njia ambayo lilipita. Nyumba haikuchomwa.

Nilipokuwa narudi kwenye moto nikawaza: yule mzee alifikiri sawa sawa na Behe. "Sioni jinsi kitu hiki kimetokea, donc kuna mtu." Najua Behe ni mtu wa laboratwari na mzee ni mtu wa jembe, na simdharau yeyote. Lakini hatua ni ile ile, na ubaya wake ni uleule: ukishasema "kuna mkono", hautafuti tena panga. Huko Marekani hatua hiyo inaleta kesi mahakamani. Huku kwetu inaweza kuleta petroli na kiberiti.

Kesi ilikuwepo kweli. Mji wa Dover, jimbo la Pennsylvania. Oktoba 2004 kamati ya shule iliamua wanafunzi wasomewe tangazo kwamba Darwin ana mapengo, na waelekezwe kwenye kitabu cha dessein intelligent. Walimu wa biolojia walikataa kulisoma, wakubwa wa shule wakaja kulisoma wenyewe. Wazazi 11 wakashtaki, na mwaka 2005 Behe akapanda kizimbani. Wakili alimuuliza kama, kwa maana yake ya neno "nadharia ya sayansi", unajimu wa nyota nao ungeingia. Akakubali kwamba ungeingia. Halafu wakatoa nakala za zamani za kile kitabu. Kabla ya 1987 zilisema "uumbaji". Mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza uumbaji kufundishwa kama sayansi katika shule za serikali, na ghafla kitabu kikasema "dessein", sentensi ni zile zile. Mahali pamoja kipande cha neno la zamani kilibaki kimekwama katikati ya neno jipya. Ninyi mliowahi kuona TFC iliyokopiwa na jina la kijiji cha mwingine limebaki ukurasa wa 23, mnanielewa. Desemba 20, 2005, jaji John Jones, aliyeteuliwa na rais Bush mwenyewe, akaamua kwamba si sayansi.

Mdogo wangu ataniambia: sawa yaya, bakteria wanabadilika, lakini wanabaki bakteria, mtu ni kitu kingine. Ni swali zuri. Bonobo, ambaye duniani kote porini anaishi Congo yetu tu, ana kromosomu 48. Sisi tuna 46. Kama tuna babu mmoja, jozi moja ilikwenda wapi? Mageuko yanalazimika kutabiri kwamba mahali fulani mbili ziliungana. Wakatafuta, wakakuta: kromosomu yetu ya pili ina katikati yake alama ambazo kawaida zinakaa kwenye ncha tu, kama kamba mbili zilizofungwa fundo. Miller alilieleza hilo mbele ya jaji kule Dover. Kama fundo lisingekuwepo, nadharia ingekuwa na shida kubwa. Hapo ndipo naona tofauti: nadharia inayoweza kushindwa, na nyingine ambayo chochote utakachokuta itasema "ilipangwa hivyo".

Na inanisaidia kazini. Migomba yetu tunaipanda kwa machipukizi, mtoto ni nakala ya mama, tofauti ni chache, ndiyo maana wilt inafagia shamba zima. Donc kinga uitafute kwa jamaa wa porini wanaozaa kwa mbegu. Na kweli, Musa balbisiana, mgomba wa porini wa Asia, unavumilia ugonjwa huo.

Juu ya imani sitajifanya mchungaji. Nasema tu kwamba Miller ni Mkatoliki, na alikuwa shahidi wa kwanza wa wazazi wale. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Mimi ninaimba bado korali, sauti ya tenor, na wilt ninaitafuta kwenye panga.

Mdogo wangu alipata 13. Hajahama fakilte, ila ameniomba Desemba nikienda nyumbani nimweleze Baba mwenyewe, juu yeye anaogopa. Baba ni mzee wa kanisa, na ana mitego ya panya miwili kwenye depo ya mahindi. Nitaanzia hapo.