Pimisha Mwili Mbele ya Kuanza Spoti

Ndugu msomaji, labda wewe ni mwalimu, karani ao mfanyabiashara mwenye kushinda siku nzima kwa kiti. Umepita miaka 40, tumbo linaongezeka, na wenzako wamekuita katika ekipi ya wazee inayocheza mpira kila siku ya yenga. Ni jambo jema. Spoti inatia moyo nguvu, inasaidia kushusha tansio na sukari, inaleta usingizi mzuri. Hatuandiki haya juu ya kukuogopesha. Lakini unaposema, «Mimi ni mzima,» unasema tu kwamba husikii maumivu. Kuwa mzima na kutosikia maumivu ni mambo mawili.

1. Magonjwa yanayojificha

Tansio iliyopanda haiumizi kila mara. Mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi bila kujua.

Wengi wanakumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon katika Ufaransa, alianguka katikati ya uwanja walipocheza na Kolombia. Hakuna mtu aliyemgusa. Alikufa siku ile ile, na miaka yake ilikuwa 28. Waganga walipochunguza maiti waliona kama nyama ya moyo ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Ugonjwa huu mara nyingi unapita katika jamaa, toka mzazi mpaka mtoto.

Kwa mtu aliyepita miaka 35, hatari kubwa zaidi ni mishipa inayolisha moyo. Inazibana polepole juu ya tumbako, tansio, sukari na mafuta ya damu.

Kwetu kuna mengine mawili. La kwanza: mtoto anaumwa koo, hatunzwi, kisha viungo vyake vinavimba na kuuma. Viungo vinapona, lakini vilango vya moyo vinaweza kubaki vimeharibika. Akiwa mtu mkubwa, amesahau yote. La pili ni bandama iliyovimba juu ya malaria. Teke moja la tumbo linaweza kuipasua, na damu ikamwagika ndani.

2. Nani anapaswa kupimwa kwanza?

Si kila mtu. Kama unataka tu kutembea kwa miguu, na huna alama hata moja ya hizi zinazofuata, anza leo. Lakini uje kwanza kwa mganga kama:

– unasikia kifua kinabana, ao pumzi inakatika ukipanda kilima ambacho wenzako wanapanda bila shida;
– umekwisha kuzimia, zaidi sana wakati wa kukimbia ao kufanya kazi nzito;
– moyo unapiga ovyo bila sababu;
– una tansio, sukari, asima, ao ugonjwa wa damu unaoitwa SS;
– katika jamaa yenu kuna mtu aliyekufa ghafula akiwa kijana;
– umepita miaka 35, umekaa miaka mingi bila spoti, na sasa unataka mchezo wa nguvu. Hasa kama unavuta tumbako ao umenenepa sana.

3. Mganga atafanya nini?

Hakuna kukatwa, hakuna kulazwa. Atakuuliza maswali, na hapo usimfiche kitu. Kama mdogo wa baba alianguka akafa akiwa na miaka 30, usiseme tu «walimroga». Eleza jinsi alivyoanguka na alikuwa akifanya nini. Jibu lile linaweza kufungua njia kuliko mashine.

Kisha atapima tansio. Ikifika 14 kwa 9 ao zaidi, itapimwa tena siku nyingine. Ikifika 18 kwa 11, usianze mchezo wa nguvu mpaka dawa imeishusha. Atasikiliza moyo na mapafu, atagusa tumbo juu ya kutafuta bandama, atapima sukari. Akisikia sauti isiyo ya kawaida katika moyo, atakutuma hospitali kubwa kwa elektro ao ekografi ya moyo.

Wengine wanataka tu karatasi yenye muhuri wa mganga, bila kuvua shati. Ndugu, muhuri haulindi moyo. Karatasi ya namna ile inamdanganya kapita wa ekipi, inamdanganya bibi yako, na wewe mwenyewe zaidi.

4. Ukiwa uwanjani

Kupimwa hakuoni kila kitu. Kwa hiyo jilinde hivi:

– Anza kidogo. Ukitembea ao kukimbia, uweze kuongea na mwenzako. Kama huwezi kumaliza maneno, punguza.
– Usicheze ukiwa na homa. Ngoja upone kabisa.
– Kunywa maji. Mwenye damu AS anaweza kucheza, lakini asijikaze kupita nguvu zake kwenye jua kali ao akiwa na kiu.
– Kifua kikiuma ao kizunguzungu kikija, simama. Usingoje mapumziko ya mchezo. Siku ile ile nenda kwa mganga.

Mtu akianguka, hajibu wala hapumui vizuri, usimmwagie maji wala kumnywesha kitu. Mlaze chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha. Mwingine akimbie kutafuta msaada. Mkichoka, pokezaneni.

Kumbuka: unaponunua pikipiki ya zamani, unamwita fundi aifungue mbele ya kulipa. Mwili wako umetembea miaka 40 bila kuangaliwa. Uulete tuuangalie, kisha uende ukacheze na furaha.